Daktari na skrini: nani anaandika, nani anarudishiwa

Shikamooni walimu wangu niliowaona hapo mbele. Matabibu, wauguzi na wanafunzi, habari za asubuhi.

Naanza na daftari. Mama mmoja aliingia chumbani kwangu na daftari la shule, jalada limelowa na kukauka mara nyingi. Humo ndimo ilimokuwa miaka yake sita ya presha. Ukurasa ulioandikwa kwamba enalapril, dawa ya presha, ilimvimbisha midomo ulikuwa umenyofoka, na yeye jina la dawa halikumbuki. Nikamwandikia enalapril. Usiku akarudishwa, ulimi umejaa mdomoni. Alipona, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile sihitaji mtu wa kunishawishi juu ya kumbukumbu za wagonjwa za kielektroniki.

Ndiyo maana inaniuma nikisikia kwamba madaktari wanaogopa kompyuta. Daktari huyohuyo anatuma pesa kwa simu, na usiku wa manane anamsomea mwenzake eksirei kwenye WhatsApp. Anachokikwepa ni kazi inayobebeshwa juu ya kazi: aandike kwenye faili, aandike kwenye rejista, kisha achape yaleyale kwenye mfumo wa kompyuta, na huku foleni imefika getini.

Tazameni Mosoriot, kituo cha afya karibu na Eldoret, Kenya. Mwaka 2001 watu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walifunga pale mfumo wa kompyuta. Tabibu hawakumkalisha mbele ya kibodi. Aliendelea kujaza fomu ya karatasi, na karani ndiye aliyeiingiza. Walipopima, ziara ya mgonjwa ilikuwa imefupika kwa asilimia 22. Hapo kila mtu hupiga makofi. Lakini muda wa mgonjwa kukaa na mtoa huduma nao ulipungua, tena kwa asilimia 58. Mimi hiyo ya pili siwezi kuipita haraka. Kama kilichopungua ni kunakili rejista, alhamdulillahi. Kama ni kumsikiliza mgonjwa, basi tumempunja.

Mwaka 2004 timu ya Indiana, pamoja na shirika la afya la Partners In Health, walianza kujenga OpenMRS, programu ya kumbukumbu za wagonjwa isiyouzwa, ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Kliniki za VVU za Eldoret zilipoanza kuitumia, mashine ilimchapia tabibu muhtasari wa mgonjwa, na chini yake ukumbusho: huyu kipimo chake cha CD4, kile cha kinga ya mwili, kimechelewa. Waliopewa ukumbusho waliagiza kipimo hicho zaidi ya wasiopewa. Mnaona? Tabibu alitoa taarifa, taarifa ikamrudia mkononi ikiwa msaada.

Marekani walipita njia ya fedha. Sheria ya HITECH ya mwaka 2009, ya kuhimiza kumbukumbu za kielektroniki, iliruhusu daktari wa Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, kulipwa hadi dola 44,000 kwa miaka mitano akithibitisha kwamba anautumia mfumo ipasavyo. Wengi waliingia. Mwaka 2016 watafiti waliowafuata madaktari kazini wakaandika kwamba kila saa moja ya kuonana na wagonjwa ilikuwa na karibu saa mbili za kompyuta na makaratasi, na wengine walimalizia nyumbani usiku. Fedha iliwaingiza kwenye mfumo. Muda wao haikuwarudishia.

Ninyi mnaonunua mifumo, mimi ninawaomba jambo moja dogo. Kabla ya kusaini, kaeni asubuhi nzima kwenye chumba cha daktari mwenye wagonjwa hamsini, mhesabu anabonyeza mara ngapi ili kumwandikia mtoto dawa ya malaria. Halafu zimeni umeme, mtazame.

Mahali fulani nilipowahi kufanya kazi, mfumo uligoma saa nne asubuhi. Muuguzi akatoa rejista ya zamani kabatini, kazi ikaendelea. Umeme uliporudi jioni, sisi tuliondoka. Yeye alibaki hadi saa tatu usiku akiingiza mgonjwa mmoja mmoja kutoka kwenye karatasi, bila posho, mtoto wake amelala kwenye benchi la mapokezi. Siku ya kusaini mkataba wa mfumo unaofuata, muuguzi wa namna hiyo apewe kiti mezani, na aulizwe kwanza.

Asanteni. Nipo tayari kwa maswali.