Chumba kipo mji mwingine? Angalia reli kwanza

Ndugu zangu wa nyumbani, habari za asubuhi! Hapa ni Bochum, magharibi mwa Ujerumani, saa moja na nusu, nipo stesheni ya Langendreer nangoja treni ya kwenda chuoni. Moshi unanitoka mdomoni, ni baridi tu.

Wiki hii mdogo wangu mmoja aliyepata chuo Dortmund kaniandikia kwamba ameacha chumba cha bei nafuu kwa sababu kipo mji mwingine. Nimeumia, lakini namwelewa. Sisi wa Dar tunapima umbali kwa foleni. Nilipokuwa nasoma Mlimani nikitokea Tegeta, naamka saa kumi na moja alfajiri, nagombania daladala, nashuka Mwenge nagombania nyingine, na kipindi cha saa mbili asubuhi naingia shati limelowa jasho. Aliyepita huko akisikia "mji mwingine" lazima aogope.

Huku, kwenye vyuo vingi, ile ada ya muhula unayolipa ndani yake mna tiketi ya usafiri ya nchi nzima. Tiketi hiyo kwa watu wote ilianza Mei 2023 kwa yuro 49 kwa mwezi, na mwaka 2025 ilikuwa yuro 58. Mwanafunzi analipa asilimia 60 yake: kwa bei hiyo ya 2025 ilikuwa yuro 34.80 kwa mwezi, kwa miezi sita 208.80. Mabasi, tramu, treni za chini ya ardhi, treni za mikoani, panda uendako. Zile za mwendo wa kasi, ICE na IC, hazimo, usije ukajichanganya.

Basi mimi napanda treni ya S1 hapa, kama dakika kumi nipo Dortmund Universität, stesheni ya chuo. Pale kuna H-Bahn, jamani! Behewa linaning'inia chini ya boriti ya chuma, linapita juu ya miti na vichwa vya watu, halina dereva, na limekuwepo tangu 1984. Siku ya kwanza nilikaa dirisha la mbele nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Treni za huku nazo huchelewa, tena sana. Ukiona ubaoni "fällt aus", usiendelee kungoja, treni hiyo haipo. Siku ya mtihani toka na treni ya kabla ya ile unayoihitaji.

Na chaji ya simu! Tiketi yangu ipo kwenye simu. Siku moja ikazima, mkaguzi akaingia, nikaandikiwa faini ya yuro 60. Nilienda ofisini kwao ndani ya wiki na tiketi yangu na kitambulisho, nikalipa 7 tu. Wengi hawajui hilo, wanalipa zote.

Kabla hujakataa chumba, niandikie hapo chini jina la stesheni ya karibu, sio la mtaa, nikuangalizie treni ya mwisho usiku ni saa ngapi.