Kwa Nini Sijaja Kigoma

Mwakeye wana Kigoma! Huku Zwolle, Uholanzi, bado giza, baridi inang'ata, na teksi ya kunipeleka hospitali inakuja sasa hivi. Leo hakuna mbwembwe.

Nasoma maoni yenu. Kanenepa, kasahau kwao, hata harusi ya mdogo wake hakutia mguu. Jamani, figo zangu zimekufa. Presha ilizitafuna kimya kimya miaka mingi, mimi najiona mzima, nabeba maboksi ghalani. Na huo unene mnaousifia ni maji.

Sasa nasafishwa damu kwa mashine Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, masaa manne manne. Tazameni mkono huu, msiogope. Hapa waliunganisha mishipa miwili ya damu, ateri na vena, ili damu ipite kwa kasi, wanaita fistula. Ukiweka kiganja unasikia trrrrr, kama boti ya injini inayotoka Kibirizi usiku nawe uko kitandani. Nikiamka, kabla ya mswaki, naushika kwanza. Ukinguruma, siku imeanza vizuri. Mkono huu haupimwi presha, hautolewi damu ya maabara, haubebi mzigo mzito. Unachomwa sindano mbili tu, unene karibu na njiti ya kiberiti: moja inatoa damu kwenda kwenye chujio la mashine, nyingine inairudisha.

Zamu moja inakula maji kama lita 120. Ndoo kubwa sita! Mimi mwenyewe kwa siku sinywi hata lita moja, na hapo uji na mchuzi vimehesabiwa humo humo. Mtoto wa Ujiji, nimekulia kando ya ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, leo natafuna kipande cha barafu polepole kama pipi. Nikizidisha, mzani unanisema mbele ya nesi: lita moja, kilo moja. Halafu mashine inayavuta hayo maji, na miguu inakaza misuli mpaka naita mama.

Mama, tukiwa hapo hapo: furushi la dagaa lilifika, nimewagawia Warundi wa jirani. Chumvi ile siiwezi. Ndizi na parachichi nazo kwa kipimo, maana potasiamu, madini yaliyomo humo, ikipanda kwenye damu moyo unaweza kusimama. Mawese tuma, kijiko kimoja hakigombi.

Kwa nini sijaja, basi? Kusafiri naweza, ila lazima niwe na kiti cha mashine kule nifikako, kimethibitishwa kabla sijapanda ndege. Na ile reli ya zamani, Dar mpaka Kigoma, zaidi ya kilomita 1,200, siku za njiani peke yake zinameza zamu yangu.

Mashine yenyewe ilizaliwa jirani hapa, Kampen, mwaka 1943, katikati ya vita. Daktari Willem Kolff alizungushia pipa la mbao selofani ya kufungia soseji, akapitisha damu humo. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walikufa. Aliyepona kwanza, mwaka 1945, alikuwa bibi wa miaka 67. Nikichoka kiti changu namkumbuka bibi huyo.

Honi hiyo, teksi. Shangazi wa Gungu, wewe unayesema presha ni ugonjwa wa matajiri: leo nenda kapime, unitumie picha. Si picha yako umevaa kitenge, ya namba.