Tony Cavendish Si Kichaa

Ndugu zangu, hili nimelisema kwenye kumbi nyingi na nitalirudia hadi lieleweke: The Royal Family of Broadway si filamu ya kucheka vichaa. Inahusu watu na kazi yao. Akina Cavendish, ile familia ya waigizaji wa jukwaani, mnawajua, na mnajua kwamba tamthilia ya Kaufman na Ferber ya 1927, iliyozaa filamu hii, iliwalenga akina Barrymore, familia halisi ya waigizaji: Lionel, Ethel na John. Ethel Barrymore hakuifurahia hata kidogo. Hayo tuyaache.

Twendeni kwenye ngazi. Tony, mwana wa akina Cavendish, anayechezwa na Fredric March, anaingia nyumbani kwa kishindo, anapanda ngazi kuelekea bafuni huku akivua nguo moja baada ya nyingine, anafoka, jamaa zake wako nyuma yake, na kamera inapanda naye. Ukumbi mzima unaangua kicheko: tazama mwehu huyo! Subirini kwanza. Jaribuni ninyi kupanda, kuvua, kusema maneno marefu namna ile, na kila neno lisikike hadi la mwisho. Tena ni 1930, filamu za sauti ni changa, waigizaji wengi wanasimama palepale kilipo kinasa sauti. Pumzi ile imefundishwa jukwaani. March alikwishaicheza nafasi hiyohiyo ukumbini Los Angeles kabla ya George Cukor na Cyril Gardner kuiongoza filamu.

Najua kuna atakayesema, "Lakini Mwalimu, si alikuwa anamwiga John Barrymore tu?" Tu! John aliyecheza Hamlet New York mwaka 1922, kisha London 1925? Hebu jaribu wewe kumwiga tuone. March aliteuliwa kuwania Oscar kwa nafasi hiyo, na tuzo ikaenda kwa nani? Kwa Lionel Barrymore, kaka mtu! Mwaka uliofuata March akaitwaa kwa Dr. Jekyll and Mr. Hyde, nafasi ambayo John mwenyewe aliicheza katika filamu isiyo na sauti ya 1920. Anayeiga tu hafiki huko.

Na ufundi wa akina Barrymore ulianzia nyumbani. Bibi yao, Louisa Lane Drew, aliuendesha ukumbi wa Arch Street, Philadelphia, kwa takriban miaka 30 kuanzia 1861. Ndiyo maana Fanny wa kwenye filamu, mama yake Tony, mzee na mgonjwa, hataki kusikia lolote ila kurudi kuzunguka na maonyesho. Watu wanamcheka. Mimi simcheki, na sitamcheka.

Naona naonyeshwa saa. Julie, dada yake Tony, na tajiri wake; Gwen, binti yake Julie, na mchumba wake: hayo yalistahili kipindi kizima, nayagusa tu. Wanawake wote wawili wanaambiwa wachague, ndoa au jukwaa. Tony anaingia na kutoka na visa vyake vya mapenzi, na hakuna anayemwambia achague. Siku nyingine mkinialika nitaanzia hapo. Haya, maswali, lakini yawe mafupi.