Jinsi ya kuandika ripoti ya asaimenti ya programu na kuiwasilisha

Habari zenu, karibuni. Niko hapa Dodoma, na video hii ni ya kwenu mnaoanza kusoma kompyuta, UDOM na vyuo vingine. Programu yako imekubali, sasa mhadhiri anataka ripoti. Wengi wanamwaga msimbo mzima kwenye kurasa, wanaweka jalada, wanakusanya. Msimbo si anao tayari kwenye faili? Ripoti anaitaka ili aone ulivyofikiri.

Tuchukue swali hili: andika programu ya Python inayopanga bei za zabibu kuanzia ndogo hadi kubwa, ijaribu, kisha eleza kasi yake. Shika kalamu, pigia mstari vitenzi: andika, jaribu, eleza. Kila kimoja kina alama zake, na ukiruka kimoja hakuna jalada litakalokuokoa.

Utangulizi uache kwanza. Anza na majaribio, ndiyo moyo wa ripoti. Tazama skrini: nachora jedwali lenye safu nne, yaani nilichoingiza, nilichotarajia, nilichopata na maelezo. Naanza na orodha ya kawaida, halafu zile zinazosumbua: orodha tupu, yenye bei moja tu, yenye bei zinazojirudia, iliyopangwa kinyume. Sasa mkulima wa Hombolo akiandika 2,500 kwa alama ya mkato, kama tulivyozoea kuandika bei? Ona, int ya Python, ile inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, imegoma, imetoa ujumbe wa kosa uitwao ValueError. Jaribio hili usilifute! Liandike, useme kwa nini limegoma na umelirekebishaje. Mhadhiri akiliona anajua kweli ulikaa na programu yako.

Tuje kwenye kasi. Usiandike "programu ina kasi nzuri", hiyo haisemi kitu. Weka kihesabio ndani ya kitanzi, yaani sehemu ya msimbo inayojirudia, kihesabu kila mara bei mbili zinapolinganishwa. Sekunde hubadilika kutoka laptopu moja hadi nyingine, lakini idadi hii haibadiliki kama orodha ni ileile. Mimi nimetumia njia ya kulinganisha bei zilizo jirani na kuzibadilishana nafasi, huku kila duru ikiwa fupi kuliko iliyotangulia. Kwa bei 1,000 kihesabio kinasoma 499,500. Kwa bei 2,000 kinasoma 1,999,000. Orodha imeongezeka mara mbili, kazi imeongezeka takriban mara nne. Andika hivyo hivyo, kisha eleza sababu: jumla ni n(n-1)/2, n ikiwa idadi ya bei. Aya hiyo moja inazidi kurasa tatu za msimbo.

Sasa ndipo uandike mbinu uliyotumia, na utangulizi mfupi mwishoni kabisa. Ukihitaji kuonyesha msimbo, chukua mistari michache unayoieleza, uibandike kama maandishi. Picha ya skrini nyeusi ikichapishwa haisomeki. Kama wazo ulilipata kwa mwenzako, mtandaoni au kwa programu ya akili bandia, sema wazi.

Kuwasilisha. Hifadhi ripoti kama PDF ili jedwali lisihame, uifungue kwenye simu uone imekaaje. Msimbo ubane kwenye faili la zip, kisha ulifungue mahali pengine, ikiwezekana kwenye kompyuta ya mwenzako, na uendeshe programu kutoka hapo. Kama inasoma data kutoka anwani inayoanza na C:\Users na jina lako, kwa mhadhiri haitafunguka. Weka faili la data kwenye folda hiyohiyo na uliite kwa jina lake tu.

Jina la faili lifuate maelekezo, herufi kwa herufi. Kwenye mifumo ya kukusanyia kazi mtandaoni kama Moodle, kazi uliyopakia inaweza kubaki rasimu mpaka ubonyeze kitufe cha kuwasilisha, kwa hiyo soma hali yake kabla hujatoka. Ikishaonyesha imewasilishwa, pakua faili ulilotuma, ulifungue, uhakikishe ndilo lenyewe. Na tafadhali, fanya haya jioni ya siku moja kabla, ili umeme au mtandao ukikatika bado kesho iwe yako.