Ukibadilisha changarawe, sponji usiiguse

NEEMA: Haya karibuni tena jamani, tuko hapa Kirumba, Mwanza, mtuvumilie na kelele za bodaboda nje. Mimi Neema, niko na kaka yangu Masanja. Leo ni lile swali mnalotuuliza sana, tangi la samaki limeshakomaa, umevumilia wiki zako 5 au 6, samaki wameingia, alafu unagundua ile changarawe ya chini huitaki tena. Unafanyaje?

MASANJA: Mi ilinikuta dada. Tangi la lita 60, nilianza na ile changarawe ya bluu ya kupaka rangi, ndo iliyokuwepo dukani, alafu nikaweka furu 6, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, nilinunua kwa vijana wanaouza chambo kule ziwani.

NEEMA: Chambo cha sangara?

MASANJA: Ndo hicho, furu wanatundikwa kwenye ndoano wakiwa hai. Mi nikiwaona kwenye ndoo naumia kweli, maana hawa ni samaki wa ziwa letu, aina zake zilikuwa mamia, sangara alipozagaa miaka ya 1980 nyingi tu zikapotea. Basi nikawaleta nyumbani. Sasa furu anapenda kuchimba, hasa dume, anabeba mchanga mdomoni anaenda kuutema pembeni, anachimba kashimo kake jike aje. Kwenye ile changarawe kubwa yenye kona akawa anagonga tu, mmoja nikamuona mdomo umechubuka. Nikasema hii inatoka leo leo.

NEEMA: Ukaitoa yote?

MASANJA: Yote, Jumamosi moja. Na kwa vile mikono ishaloa nikaona bora nimalizie na filta kabisa, kile kifaa cha kuchuja maji, nikaiosha ile sponji ya ndani yake bombani mpaka maji yakatoka meupe. Jumatatu asubuhi nawakuta wote wako juu wanahema, mashavu mekundu. Ndani ya siku 3 wakafa 4.

NEEMA: Pole sana kaka. Kwa walioanza juzi, samaki anatoa amonia na amonia inamuunguza, kuna bakteria wanaigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, alafu wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo ina nafuu kubwa. Zile wiki zote za kukomaza tangi ulikuwa unawafuga hao. Na hawakai sana kwenye maji, wanaganda kwenye vitu, sponji, changarawe, kioo, mawe. Sasa Masanja aliwatoa wa changarawe na wa sponji siku moja.

MASANJA: Na maji yetu ya bomba yanatoka ziwani yanatiwa klorini, na klorini kazi yake ni kuua bakteria, haichagui huyu wangu huyu sio. Kingine, hawa hawazaliani haraka, kuna bakteria wanajigawa kila dakika 20, hawa inachukua kama siku nzima hivi. Tangi la mwaka mmoja lina akiba, langu jipya walikuwepo wale wa kutosha uchafu wa siku ile tu.

NEEMA: Ulivyorudia ulifanyaje?

MASANJA: Nilianza na mchanga. Nilichota ufukweni, kama kilo 9, kwa tangi la sentimita 60 kwa 30 unapata kina cha sentimita 3. Ila usiingie majini kuchota, huku kwetu kichocho kipo, na konokono wanaokibeba wanakaa humohumo kwenye majani, chukua mchanga mkavu wa juu. Nikapitisha kwenye chekeche, nikachemsha sufuria kwa sufuria, nikasuuza weee, ndoo ya kumi na kitu ndo nikaanza kuona vidole vyangu chini.

NEEMA: Na siki?

MASANJA: Eeh, mwagia siki kwenye kijiko cha mchanga. Ukitoa povu una vipande vya magamba ya konokono, utapandisha pH, kile kipimo cha ukali wa tindikali kwenye maji, na pH ikipanda amonia ileile inakuwa kali zaidi.

NEEMA: Mi kwa changarawe huwa nabadilisha robo robo kila wiki.

MASANJA: Changarawe kwa changarawe sawa, ila kwa mchanga sikushauri, mchanga utazama chini changarawe ibaki juu uanze kuokota moja moja. Alafu kila ukichimba unatibua ule uchafu wa chini, mara nne zote samaki wamo. Bora siku moja, ila samaki wako nje. Chota maji ya tangi weka kwenye ndoo safi isiyowahi kuwa na sabuni, waweke humo samaki pamoja na filta yao ikiendelea kuzunguka. Toa changarawe, weka mchanga, alafu tumbukiza sahani juu ya mchanga umimine maji taratibu juu ya sahani, hayatibuki. Maji mapya yawe yamelala kwenye ndoo wazi siku nzima klorini itoke.

NEEMA: Na changarawe ya zamani usitupe yote.

MASANJA: Kabisa, jaza soksi ya nailoni, funga, ining'inize karibu na filta inapotoa maji, iache wiki 4. Haipendezi ila iache. Sponji usiiguse mwezi mzima, ikiziba sana ikamue kwenye ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi. Pima amonia na nitriti kila siku wiki 2, mojawapo ikifika miligramu 0.5 kwa lita badilisha maji theluthi, na chakula kidogo, siku moja wape siku moja ruka.

NEEMA: Wale wawili waliobaki?

MASANJA: Dume alichimba usiku uleule. Asubuhi nakuta shimo upana wa kisahani cha chai, na mchanga umerundikwa kwenye kioo upande wa pili.