Hisa 10,000 Kati ya Ngapi?

Habari za jioni, ndugu zangu. Wengi wenu hapa mnaandika programu, na najua baadhi yenu mmeshapokea barua ya ajira kutoka kampuni changa: mshahara mdogo kuliko wa benki, ila utapewa hisa 10,000. Tuisome barua hiyo pamoja.

Mara nyingi hupewi hisa zenyewe. Unapewa haki ya kuzinunua baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Haki hiyo huipati kwa mkupuo: utaratibu uliozoeleka ni miaka 4, na ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, huondoki na kitu. Ukiacha kazi baada ya hapo, mikataba mingi inakupa siku 90 tu kuzinunua kwa fedha zako, na soko la kuziuzia huenda halipo.

Sasa, 10,000 kati ya ngapi? Tuseme hisa za kawaida zote ni milioni 10, na bei yako ni senti 20 za dola. Kampuni inauzwa dola milioni 20, ofisi nzima inashangilia. Lakini wawekezaji walitia milioni 15, na mkataba wao unasema walipwe kwanza. Zinabaki milioni 5, yaani senti 50 kwa hisa. Unapata dola 5,000, unatoa 2,000 za kununulia, zinabaki 3,000. Kama ulikubali mshahara upungue dola 500 kila mwezi kwa miaka 4, uliacha dola 24,000. Hesabu hii inaniuma, kwa sababu kampuni yenyewe haikufilisika!

Mtanitajia David Choe, aliyechora kuta za ofisi ya Facebook mwaka 2005 akachukua hisa badala ya fedha taslimu. Kweli, alitajirika. Facebook iliingia soko la hisa mwaka 2012. Kampuni changa nyingi haziingii kamwe.

Kwa Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 ilimruhusu mfanyakazi wa kampuni changa iliyotimiza masharti, akipewa hisa badala ya mshahara, aahirishe kodi mpaka auze, aache kazi, au miaka 5 ipite, lolote litakalotangulia. Ni nafuu ya maana, ingawa miaka 5 yaweza kwisha mnunuzi hajaonekana.

Mimi nasema mshahara utoshe kwanza nyumba, chakula na ada za watoto. Halafu uliza idadi ya hisa zote na fedha ambazo wawekezaji watatangulia kulipwa. Mwajiri akikataa kukutajia, zihesabu hisa zako kuwa sifuri, mjadiliane mshahara tu.