Badili besi tu: kodi (chord) mbadala ya jazi kwa mpiga gitaa wa kwaya

Habari zenu ndugu watazamaji. Niko Uyole, Mbeya, asubuhi ya Julai, na kwa baridi hii usianze kabla ya kuangalia tyuni. Nyaya zikipoa hujikaza, sauti inapanda. Pasha vidole, piga dakika 5, kisha tyuni upya.

Wengi wenu mnapigia kwaya, na kodi za C, F, G, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, mnazipiga hata usingizini. Leo tunaishughulikia G7 peke yake, yaani kodi ya saba ya G, ile inayoturudisha C. Tutaiondoa tuweke nyingine, na wimbo utafika nyumbani kama kawaida. Wanajazi wa Marekani kama Dizzy Gillespie na Charlie Parker waliitumia mbinu hii miaka ya 1940. Bendi zetu nyingi za dansi zilibeba jina la jazi, kama Morogoro Jazz aliyopigia Mbaraka Mwinshehe, ila muziki wenyewe ulikuwa dansi na rumba. Ndiyo maana huenda sauti hii ikawa ngeni masikioni mwako.

Kwanza weka gitaa chini, tuimbe. Do ni C. Imba do, re, mi, fa, so, la, ti... nyamaza hapo hapo. Unasikia ti inavyokuvuta uende do? Fa nayo inataka kushuka kwenye mi. Mvuto wote wa G7 umo ndani ya nota hizo mbili, F na B. Sasa, kutoka fa kwenda ti ni toni tatu. Kutoka ti kupanda hadi fa ya juu, pia toni tatu. Kwa sababu hiyo ipo kodi nyingine ya saba yenye fa na ti zile zile: Db7, yaani D iliyoshushwa nusu toni.

Chukua gitaa. Waya mnene ndio wa 6. Kidole cha kati weka waya wa 6 freti ya 3, cha shahada waya wa 4 freti ya 3, cha pete waya wa 3 freti ya 4. Ncha ya kidole cha kati iguse waya wa 5 kidogo ili usilie. Hiyo ni G7. Sasa shahada na pete visiondoke kabisa. Hamisha cha kati peke yake, kiende waya wa 5 freti ya 4. Piga. Hiyo ni Db7! Kidole kimoja tu kimehama. Mimi bado hunifurahisha kila ninapoipiga.

Tuiunganishe. Dm7, yaani D ndogo ya saba: waya wa 5 freti ya 5, wa 4 freti ya 3, wa 3 freti ya 5. Kisha Db7. Kisha C: waya wa 5 freti ya 3, wa 4 freti ya 2, wa 3 freti ya 5. Sikiliza besi, nota ya chini kabisa: freti 5, 4, 3, inashuka ngazi moja moja kama mtu anayeteremka mlima Loleza taratibu. Fa imeshuka mi, ti imepanda do. Ukitaka utamu wa jazi, mwishoni acha ti kwenye waya wa 3 freti ya 4 isipande. Utapata C ya saba kubwa (Cmaj7).

Kabla hujaipeleka kanisani, angalia waimbaji wameshika nota gani. Wakiwa kwenye so, inapendeza mno. Wakiwa kwenye re, itagongana na besi yako. Mimi niliipiga mazoezini wakati sauti ya kwanza wameshikilia re, wakayumba wote. Hapo rudi kwenye G7 bila kusita. Na mwambie mpiga besi mapema. Akibaki kwenye G hajakosea, ila ule mteremko utaupoteza.

Ukizoea, panda freti 5: nota za besi kwenye waya wa 5 ziwe freti ya 10, 9, 8, utatua kwenye F. Piga polepole, huku unaimba fa na ti kwa sauti.